Pensheni Yangu na Maji ya Ndizi

Jumatatu, 3 Juni 1957. Nshambya, Bukoba.

Siku mbaya. Imeharibika kabla chai haijapoa.

Datius alipiga hodi mapema. Huyu ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, sajini mstaafu wa polisi, Mkatoliki asiyekosa misa, na tangu mwaka huu ni mjumbe wa kamati ya kukadiria kodi. Anapokea pensheni ya Serikali kama mimi. Yangu imezidi kidogo. Analijua hilo, maana nimemwambia mara nyingi.

Alisema kodi ya sasa si ile ya zamani ya kila kichwa sawa. Sasa wanajumlisha! Pensheni, kahawa, samaki, kila kinachoingia nyumbani kinatiwa kapu moja, kisha mtu anapangiwa daraja lake. Alilisema hilo huku akinywa chai yangu, na sukari akajiongezea mwenyewe.

Nikamweleza kwamba pensheni si mapato. Pensheni ni asante. Nimelitumikia Boma miaka thelathini, nikamaliza nikiwa karani mkuu, na kila mwisho wa mwezi Serikali inaniambia asante. Nani anatoza kodi asante? Akajibu kwamba ni Serikali hiyohiyo.

Ubaya ni huu. Pensheni yangu peke yake ni maskini. Kahawa ya kibanja changu cha Izigo, shamba la urithi wa baba, peke yake ni maskini. Mtumbwi wangu wa kule kisiwani Goziba na samaki wake wakavu, huyo ni fukara wa kuombewa. Lakini wakalishe pamoja: watatu hawa wanakuwa tajiri wa daraja la tatu!

Ubaya zaidi: Ijumaa tu iliyopita, sokoni, Datius akiwa amesimama palepale, nilitangaza kwamba kahawa yangu mwaka huu itajaza lori. Nikaongeza kwamba mtumbwi wangu unaleta samaki mpaka wavuvi wanaomba mapumziko. Si kweli hata chembe. Nilisema kwa sababu Datius alikuwa amenunua baiskeli mpya na watu wote wanaipapasa.

Maulida, mke wangu, alisikiliza yote haya, kisha akauliza kwa nini nisilipe tu. Wanawake hawana subira na mambo ya fedha.

Jumanne, 4 Juni.

Nimekwenda Boma. Kwenye kiti changu, narudia, kiti changu, amekaa Philbert. Nilimpokea akiwa hajui hata kufunga bahasha. Aliinuka kwa heshima, akanipa kiti cha wageni. Mimi, kiti cha wageni! Kinayumba mguu mmoja. Nakifahamu, nilikiagiza mwenyewe.

Nilimpa sababu tatu za kutohesabu pensheni. Kwanza ni asante. Pili mimi ni mzee. Tatu ni mimi.

Philbert alisikiliza ameinamisha kichwa. Akasema taratibu kwamba pensheni ni malipo ya kazi iliyokwisha fanyika, kwa hiyo huhesabiwa pamoja na mengine. Akasema si pensheni inayompandisha mtu daraja, ni jumla yake yote. Akasema pia tofauti yenyewe ni ndogo, akavuta karatasi anionyeshe. Nikainua mkono kumzuia. Nionyeshwe hesabu na Philbert? Thubutu!

Lakini nilipofika mlangoni aliniambia jambo moja. Mtu hukadiriwa kwa kilicho chake. Kilicho cha mwingine huhesabiwa kwa huyo mwingine.

Nimetembea kutoka Boma hadi nyumbani nikitabasamu peke yangu. Kijana hajui amenipa nini.

Alhamisi, 6 Juni.

Mpango umekamilika. Nauandika hapa ili siku moja wajukuu wangu wajue babu yao alikuwa nani.

Izigo, kibanja hakitolewi kwa karatasi za Boma. Kinatolewa kwa mdomo mbele ya ukoo, na ukoo unakunywa lubisi. Pombe ya ndizi ikishashuka kooni mwa mashahidi, basi, kimekwenda, hata malaika hawakirudishi. Na kama lubisi haikunyweka? Yalikuwa mazungumzo tu.

Kwa hiyo! Nitampa Mujuni kibanja changu mbele ya ukoo mzima. Lakini watakunywa maji ya ndizi. Maji matamu yaliyokamuliwa asubuhi hiyohiyo, hayajatiwa mtama, hayajachacha, yale wanayopewa watoto. Kamati ikija itasikia kwamba kibanja ni cha Mujuni. Kamati ikishaondoka nitauliza kwa upole: jamani, nani alionja lubisi? Hakuna. Kibanja kinarudi. Wazee wa Izigo wana mila zao, mimi nina akili ya Boma.

Mujuni ni mtoto wa baba yangu mdogo. Wao walibaki Wakatoliki, sisi baba alisilimu alipokuja mjini. Tangu baba afariki, Mujuni ndiye anayekaa kwenye kibanja, anapalilia, anachuma, ananiletea. Mpole. Hajawahi kuniomba kitu. Mtu anayefaa kabisa kwa kazi hii.

Nimempelekea habari kwa dereva wa basi: Jumamosi asubuhi ukamue ndizi, usitie mtama, uite ukoo.

Mtumbwi wa Goziba nimempa Maulida hapahapa sebuleni, akiwepo fundi cherehani na mkewe kama mashahidi. Nilikuwa nimemweleza kwamba ni wa kuonyesha tu. Alikubali haraka. Mke mwema, hata swali hakuuliza.

Jumamosi, 8 Juni.

Msiba! Nilikuwa kituo cha basi nimevaa koti langu jeusi na tarbushi. Akatokea Datius, na baiskeli.

Akauliza naelekea wapi. Sikuweza kusema Izigo. Angesema twende wote, angekaa na ukoo wangu, angeonja, angeuliza maswali ya kipolisi. Nikasema naumwa mguu. Ndilo neno la kwanza lililonijia. Nikasema naenda kuutazamisha kwa mganga mmoja huko mbele.

Sura yake ilibadilika. Alinionea huruma kwelikweli, na hilo ndilo linaloniudhi kwa Datius. Akasema mguu mbovu hausafiri kwa basi. Akanibeba, akanipakia nyuma ya baiskeli kama mkungu wa ndizi, akanikokota kupita katikati ya soko. Soko zima likanipa pole. Basi la Muleba, lile linalopita Izigo, lilitupita tukiwa njiani, nikalitazama mpaka likapotea.

Nyumbani alitoa samli na kuanza kunikanda. Alifundishwa polisi, anasema. Nililia kwa sauti, na sikuwa naigiza.

Jumapili, 9 Juni.

Karudi baada ya misa, kaja na samli nyingine. Jana nilimpa mguu wa kushoto. Leo nikasahau, nikampa wa kulia. Aliutazama kidogo, akaukanda bila neno. Halafu akaukanda na wa kushoto.

Aliongea mchana kutwa. Kamati ina huruma, wazee wagonjwa wasiojiweza kuna namna wanavyofikiriwa, hiki na kile. Sikumsikiliza. Nilikuwa nawaza ukoo wangu umekaa Izigo unanitazamia barabarani. Maulida alipita mara kwa mara akiuliza kama mguu unaendelea vizuri. Alikuwa ameziba mdomo kwa kanga.

Jumatatu, 10 Juni. Izigo.

Jana jioni nilituma habari kwa dereva wa basi kwamba nakuja leo, na asubuhi nikatoroka wakati Datius yuko misani. Basi lilikuwa limeshaanza kuondoka, nikalidandia. Bado nina nguvu!

Ukoo umejaa uani. Mujuni alinipokea kwa mikono miwili akieleza kwa haya kwamba watu walikuja Jumamosi, wakangoja, wakaondoka bila kunywa, na leo wamerudi na wenzao. Akasema kinywaji kimetunzwa vizuri. Nikamwambia nimefurahi sana kwamba kimetunzwa. Sipendi mali ipotee.

Kokuberwa, mke wa Mujuni, alileta vibuyu na mirija. Mimi kama Mwislamu nilipewa chai. Sikusogelea kibuyu hata kimoja. Hata maji matamu huwa sigusi nikiwa Izigo, maana Datius ana ndugu kila mahali.

Nikasimama. Nikasema mimi Muharami natoa kibanja hiki kwa ndugu yangu Mujuni. Shangazi Immakulata, dada yake baba, ndiye mkubwa wa ukoo sasa. Alikuwa anatafuna kahawa ya kuchemsha kwa upande mmoja wa shavu. Akauliza kama natoa kwa moyo. Nikasema ndiyo. Akauliza tena. Nikasema ndiyo kwa sauti kubwa zaidi. Akanitazama, akauliza mara ya tatu. Nikasema ndiyo, mpaka kuku wakakimbia.

Wakapiga makofi. Wakanywa. Baada ya kitambo wakaanza kuimba, kisha kucheza, na wimbo ulikuwa na jina langu ndani! Sijawahi kuimbiwa. Nilipostaafu Boma walinipa saa ya ukutani, tena ilikuwa imesimama. Moyo wangu ulifurika. Nikasimama tena nikaongeza na nyumba. Wakaimba zaidi. Nikaongeza migomba yote. Nikaongeza na kahawa iliyoiva juu ya miti. Ningeongeza na mtumbwi, bahati nzuri nikakumbuka ni wa Maulida.

Mujuni alipiga magoti akalia. Hapo nilijisikia vibaya. Kidogo. Lakini nikajiambia, kamati ikipita nitamnunulia shati.

Jumanne, 11 Juni.

Nimerudi mjini. Nimemsimulia Maulida kila kitu, pamoja na wimbo, nikamwimbia. Aliuliza swali moja tu. Maji ya ndizi yanawafanyaje watu wazima waimbe mpaka jioni?

Nikasema ni upendo. Akaendelea kuchambua mchele.

Alhamisi, 13 Juni.

Balaa! Ngoja niende kwa mpangilio.

Kamati ilikaa barazani kwa mkuu wa mtaa: Datius, wajumbe wengine wawili, na Philbert wa kuandika. Wakaniita. Nikataja pensheni yangu, nikanyamaza. Datius akauliza kuhusu ile kahawa ya kujaza lori. Nikasema nilikuwa naisifia kahawa ya ndugu yangu Mujuni, mtu asifie ndugu zake. Akauliza kuhusu mtumbwi. Nikasema wa mke wangu, fundi cherehani akathibitisha.

Na hapo, bila kuitwa, akatokea Mujuni mwenyewe! Amevaa kanzu mpya na kofia, amefuatana na shangazi Immakulata. Walikuwa wametoka Izigo alfajiri kuja kunitolea ushahidi ili nisisumbuliwe. Shangazi alisema mbele ya kamati kwamba kibanja kimetolewa, ukoo umeona, yeye mwenyewe aliuliza. Philbert akaandika.

Daraja la kwanza! La chini kabisa! Pensheni peke yake, maskini wa Mungu, haina rafiki. Nilitaka kurukaruka, nikakumbuka mguu. Naye Mujuni akapandishwa daraja palepale kwa ajili ya kahawa. Hakunung'unika hata kidogo. Alisema atalipa akiuza mavuno, akatabasamu kama ameitwa harusini.

Nikamvuta nyuma ya nyumba. Nikampongeza kwa kazi nzuri, nikamwambia sasa yamekwisha, mambo yarudi kama zamani, mwezi ujao aniletee kahawa yangu. Lubisi haikunyweka, kwa hiyo hakuna kilichotolewa.

Mujuni alivua kofia yake mpya. Hakukasirika. Alikuwa kama mtu anayetafuta namna ya kumwambia mwenzake kwamba amevaa kanzu kinyume.

"Kaka," akasema, "lubisi ilinyweka."

Nikasema ni maji ya ndizi. Akasema yalikuwa maji ya ndizi Jumamosi. Watu walipoondoka bila kunywa, Kokuberwa aliona haya kuwapa wazee kinywaji cha watoto siku kubwa kama ile, akatia mtama. Mpaka Jumatatu ilikuwa lubisi kamili, tena ya kusifiwa. Yeye alidhani najua. Alidhani ndiyo maana nilisema nimefurahi kwamba imetunzwa.

Nilikimbia kwa shangazi, mguu nikausahau kabisa. Nikamnong'oneza kwamba pametokea makosa. Aliniweka kando, akanishika mkono.

"Nilikuuliza mara tatu, mwanangu. Mara ya tatu nilikuwa nakupa mlango wa kutokea."

Nifanyeje? Nikisema mbele ya watu kwamba nilidanganya, kamati ile pale, Datius yule pale, Philbert kalamu iko mkononi. Nisiposema, kibanja kimekwenda. Nikameza.

Kibanja cha baba! Kila mbuni wa kahawa aliupanda kwa mikono yake mwenyewe. Kaburi lake lipo nyuma ya nyumba, na nilikuwa nimeshachagua mahali pangu pembeni yake. Nimekitoa chote kwa ajili ya kodi, na nyumba nikaongeza mwenyewe bila kuombwa, kwa sababu waliniimbia. Nililia. Nikawaambia watu ni moshi wa jikoni.

Mujuni aliniambia kitanda changu kitakuwepo siku zote, na mkungu wa kwanza kuiva utakuwa wangu. Alisema kwa moyo. Ingekuwa afadhali anicheke.

Jumamosi, 15 Juni.

Nimekwenda Boma kwa Philbert. Kiti cha wageni. Nikamwomba ile hesabu niliyoikataa. Akaniandikia polepole: ningelipa kiasi gani kwa daraja la tatu, nitalipa kiasi gani kwa la kwanza. Nikatazama tofauti. Nikaweka pembeni nauli ya Izigo, sukari niliyowapelekea, na ile kanzu ambayo Mujuni alinunua kwa mkopo, duka likaandika deni kwa jina langu.

Tofauti imeshindwa na kanzu peke yake. Philbert aliigeuza karatasi ikalala kifudifudi, akanisindikiza mpaka nje. Ni kijana mwenye adabu. Nani alimfundisha? Mimi.

Angalau mtumbwi upo, nikajiambia. Nikamwita Maulida, nikamwambia maonyesho yamekwisha, aurudishe. Akasema ameshatuma habari Goziba, nahodha ameshaleta samaki kwake, ameshauza, na sato ninayoila ndiyo faida. Nikamkumbusha kwamba ulikuwa wa kuonyesha tu. Akasema basi tuendelee kuonyesha.

Sato ilikuwa tamu. Hilo limeniuma zaidi.

Jumatatu, 17 Juni.

Datius alikuja na samli. Nikamwambia mguu umepona. Akasema anajua.

Ana jambo linalomsumbua, akaketi. Jumapili ile alinieleza kwamba mzee asiyejiweza kwa ugonjwa anaweza kuombewa na kamati asilipe kabisa, awe na kahawa asiwe na kahawa. Alikuwa amekusudia kuniombea. Alishaandaa na maneno. Lakini Jumatatu yake mtu mmoja aliniona nikidandia basi linalotembea, akamsimulia. Kwa hiyo alinyamaza barazani ili asiniaibishe mbele za watu. Ameona ni vizuri niambiwe na yeye mwenyewe.

Nikammiminia chai. Hakujiongezea sukari. Nikamuuliza habari za baiskeli yake, akasema inakwenda vizuri.

Alipoondoka nilitaka kufunga shajara hii na kuitupa ziwani. Nikasema moyoni: Muharami, umekoma. Lipa kodi yako kama watu, kaa kimya, kula samaki wa mkeo.

Lakini jioni hii nimekaa nikafikiri vizuri. Kosa langu lilikuwa nini hasa? Mpango ulikuwa mzuri. Kamati iliukubali, Philbert aliuandika. Kilichoharibu ni kinywaji. Kinywaji tu!

Na bado nalipa daraja la kwanza, kwa sababu gani? Kwa sababu ya pensheni. Ndicho kitu pekee kilichobaki mikononi mwangu, na bado kinanitia hatiani. Je, nisipokuwa nacho, kamati itahesabu nini mwakani? Saa mbovu ya ukutani?

Kwa hiyo nitampa Datius pensheni yangu. Ya kuonyesha tu! Mbele ya mashahidi, kisha kamati ikipita anairudisha. Sajini wa polisi, mtu wa misa kila siku, mwaminifu kuliko wote ninaowajua. Na safari hii hakuna ndizi wala mtama wala Kokuberwa. Mashahidi watakunywa maji matupu ya kisima. Maji hayachachi hata yakae mwezi!

Nimevuka ukuta sasa hivi nikamweleza. Alinitazama sana. Akaniuliza kama natoa kwa moyo. Nikasema ndiyo. Akaniuliza tena, nikasema ndiyo. Akaniuliza mara ya tatu, sijui kwa nini watu hupenda kuuliza mara tatu, nikasema ndiyo mpaka mbwa wake akabweka.

Akakubali haraka. Jirani mwema.